Mukabi alianzisha omutibo ama alimuiga tu Mwenda? Namjibu shabiki wa Nakuru

Swali limetoka kwa kijana fundi wa pikipiki hapo Nakuru, wazazi wake ni watu wa Khwisero. Anasema walikuwa matanga huko ushago, usiku wazee wakaweka nyimbo za George Mukabi, yule Mluhya wa Kisa wa gita ya omutibo, ile staili ya vidole viwili, kwa spika na ubishi ukaanza, haukuisha mpaka asubuhi. Mzee mmoja akasema Mukabi ndiye baba wa gita Kenya, bila yeye hakungekuwa na muziki wa benga wala wa twisti. Mwingine, dereva mstaafu wa malori aliyekuwa akifika hadi Zambia, akasema Mukabi alichukua kila kitu kwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga huko Kongo. Halafu binamu yake wa chuo akaingilia, ati mtu aliyekufa 1963 hawezi kuwa na urithi mkubwa hivyo, ni wazee tu wanalilia ujana wao, tena na nyimbo za Kiswahili. Sasa kijana anauliza nani ako na ukweli. Na ako na swali la pili, babake alimwachia gita kavu, ile isiyo ya stima, anataka kujua kama inafaa ajifunze hiyo staili ama atakuwa anapoteza wakati.

Kaka, poleni na msiba. Wacha nianze na dereva maanake ndiye ako na hoja nzito, hao wengine wawili wanaongea na roho.

Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey, yule mzungu aliyekuwa anazunguka akirekodi muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, siku hizi panaitwa Likasi, na wimbo wake wa Masanga ukatembea Afrika karibu yote. Huku kwetu uliingia kwa maduka ya Wahindi na kwa gramafoni za watu waliokuwa na visenti, na vijana wenye gita wakasikia kitu cha ajabu, mtu mmoja na gita moja lakini masikio yanakuambia hapo wako wawili. Mwisho wa miaka ya 50 Mwenda akaja Nairobi mwenyewe, Edouard Masengo, mpiga gita mwingine wa Katanga, naye akaja, wakapiga, redio ikawarusha, na wale waliokuwa wakikisia kwa santuri sasa wakaona na macho vidole vinaenda aje. Kwa hivyo mtu akikuambia Katanga haikugusa gita ya Kenya huyo anakudanganya mchana peupe. Mimi nafundisha gita hapa Kisumu na hata leo mwanafunzi akitaka kuelewa vidole namwekea Masanga kwanza, hakuna njia ya kuizunguka.

Lakini angalia tarehe vizuri. Mwenda alizaliwa 1930, Mukabi naye wa 1930, ni marika. Na gita haikuletwa huku na Masanga. Wanaume wetu walikuwa wameenda vita ya pili na KAR, lile jeshi la Waingereza la Waafrika, wengine wakarudi 1945 na gita ama na hamu ya gita, wengine walikuwa wanafanya kazi ya reli, wengine Kericho kwa majani chai, wengine hapo kwenu Nakuru kwa mashamba ya wazungu, na reli yenyewe ilikuwa imefika Butere, huko kwa kina Mukabi, tangu mwanzo wa miaka ya 30 kwa hivyo kitu kikinunuliwa Nairobi leo kinaweza kuwa Butere kesho kutwa. Santuri za Marekani zilikuwa zimefika ndani ndani kabisa. Huyo huyo Tracey, 1950, alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, na Chemirocha ni Jimmie Rodgers, yule Mmarekani wa gita, walikuwa wamesikia sauti yake kwa gramafoni na hawajamwona wakaamua huyu ni nusu mtu nusu mnyama. Hiyo stori huwa inanichekesha lakini inaonyesha sikio la watu wa huku lilikuwa limeshafunguka kabla Mwenda hajarekodi hata wimbo mmoja. Na Mukabi hakuwa peke yake, kulikuwa na kina Isaya Mwinamo na kina John Mwale, wote watu wa gita ya vidole. Kwa hivyo kama ubishi ni nani alishika gita kwanza na vidole viwili, huyo si Mukabi, na si lazima awe yeye ndio awe mkubwa.

Sasa njoo tuangalie mkono, maanake huo ubishi unaisha kwa mkono.

Omutibo inapigwa na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, basi. Hivyo vingine vitatu vinapumzika ama vinashikilia mbao ya gita. Gumba linakaa kwa nyuzi nene za juu, kidole cha shahada kinashuka kwa zile nyembamba kuchukua melodi. Mwenda pia alitumia hivyo viwili, na hapo ndio dereva wako anapatia kelele. Lakini weka Masanga usikize, halafu weka Sengula Nakupenda ya Mukabi, na usifuate sauti ya mtu, fuata gumba tu. Kwa Mwenda melodi ndiyo bosi. Inageuka, inarudi na sura ingine, anaongeza hapa anapunguza pale, na gumba linamsindikiza. Kwa Mukabi gumba halisindikizi mtu. Lina wimbo wake, mfupi, unajirudia, unasukuma, linaingia mahali ambapo haukuwa unalitarajia na kuacha nafasi mahali ambapo ulikuwa unalitarajia, na melodi ya juu inalijibu, ziko hapo kama mashemeji wawili wanaotaniana, huyu akitupa neno huyu analirudisha. Ukiweza kuinyamazisha ile melodi kichwani ubaki na besi peke yake, miguu bado itacheza. Jaribu hivyo na Masanga, haitafanya kazi.

Hiyo besi imetoka wapi? Mimi nasema imetoka kwa ngoma. Umewahi kusimama karibu na isukuti zikipigwa, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, hakuna hata moja inapiga ile ya mwenzake, utamu unatoka kwa zile nafasi katikati. Najua, najua, isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, hata UNESCO iliiandika hivyo 2014, na Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, nitaandamwa. Lakini hayo majirani yanaoana na kuzikana kila wiki, mdundo hauulizwi kitambulisho. Mukabi alichukua ule mdundo wa kijijini akauweka chini ya gumba, na juu yake akaweka melodi ya aina ile vijana walikuwa wameshaipenda kwa redio. Hapo ndipo kuiga kunaishia.

Halafu kuna chupa. Watu huisahau kwa sababu haionekani ya maana, chupa ya soda ya kioo inakwaruzwa ama kugongwa na msumari ama kipande cha chuma, inatoa ile sauti nyembamba ya kukimbia, chikichi chikichi. Gita moja, chupa moja, mwimbaji, na mwenzake wa kuitikia. Na hiyo yote inatosha kuwachezesha watu usiku mzima kwa harusi ama kilabu cha busaa mahali ambapo hakuna stima wala haijulikani itakuja mwaka gani. Ukitaka kumuelewa Mukabi lazima umuone hapo, si kwa jukwaa la hoteli. Alikuwa anatatua shida ya kazi, mtu mmoja awe bendi.

Kitu kingine ambacho hawakukitazama vizuri huko matanga ni Kiswahili. Binamu yako amekitaja kama aibu, ati nyimbo za Kiswahili, na mimi naona ndiyo ilikuwa akili yake kubwa. Mluhya si mmoja. Ukiimba Olushisa, lugha ya Kisa, Mbukusu atashika nusu na Mmaragoli atakuuliza unasema nini, na lebo za Nairobi zilikuwa zinataka santuri ya kuuzwa Kisumu, Nakuru, Mombasa na Kampala. Mukabi akaimba Kiswahili, tena kile cha kwetu ambacho mtu wa Lamu angekunja uso, lakini akakiimba na pumzi ya Kiluhya, sentensi inakatika pale gumba linataka ikatike. Mapenzi, ndoa, tabia za watu, mawaidha. Hakuna maneno makubwa. Ndio maana mzee wa Kijaluo hapa Kondele atakuimbia Sengula bila kukosea na hajui hata Kisa iko wapi.

Haya, yule mzee wa baba wa gita na benga. Hapo simkubali, na Wajaluo wakisoma hii wasinipigie makofi bado.

Benga ilizaliwa Nyanza, na mama yake ni nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Wajaluo. Wale vijana wa Kijaluo waliochukua gita mwanzo wa miaka ya 60 walikuwa wanajaribu kuifanya iongee kama zile nyuzi nane za nyatiti, vinoti vifupi vifupi vinavyokimbizana, na kuna pale gita inashika wimbo kutoka kwa mwimbaji inaendelea nao yenyewe. Ogara, George Ramogi, halafu D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania akaja kufia hapa Kisumu kwa ajali ya barabarani 2006, hao hawakuhitaji ruhusa ya Butere. Wajaluo pia walikuwa na watu wao wa gita kavu, kina Ogola Opot na Olima Anditi. Walisikilizana na Waluhya? Kabisa, Maseno na Luanda ni mwendo wa baiskeli, soko ni moja, kilabu ni kimoja. Lakini kusikilizana si kuzaa.

Twisti nayo ni stori ya Nairobi. Daudi Kabaka na John Nzenze ni Waluhya, sawa, na mtu mwenye masikio atasikia kitu cha nyumbani ndani ya Kabaka. Ila ule mdundo wa twisti una kwela nyingi, ule muziki wa Afrika Kusini, na kwa bendi ya Equator Sound Kabaka alikuwa anapiga pamoja na Wazambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, hao ndio walikuja na ladha hiyo ndani ya mizigo yao. Ikatoka nje mpaka kundi la Kiingereza la Tremeloes likaimba Helule Helule ya Kabaka 1968. Hilo ni la Kabaka, tusimpokonye ndio tumpe Mukabi. Mnapenda sana kumpa mtu mmoja kila kitu huko matanga.

Mahali mimi namwona Mukabi ndani ya hizo muziki zote ni pengine kabisa. Fikiria stima ilipokuja na bendi zikaanza kununua vyombo. Besi gita ikachukua kazi ya gumba. Solo ikachukua kazi ya kidole cha shahada. Ridhimu ikajaza katikati. Chupa ikawa haiati, yale matoazi mawili ya drami. Ule mkono mmoja wa kulia ukagawanywa watu wanne, kila mmoja na mshahara wake. Ndio maana besi za huku magharibi, ziwe za Kiluhya ama za Kijaluo, hazikubali kukaa nyuma zikihesabu moja mbili tatu nne, zinaongea, zinachokoza, wakati mwingine ndizo unaondoka ukiimba. Sisemi Mukabi peke yake alifundisha hivyo. Nasema hao wanabendi walikulia kwa vijiji ambako gumba lilikuwa linaongea, na aliyelifanya liongee kwa sauti kubwa kushinda wote, kwa santuri na kwa redio, ni yeye. Weka Sukuma Bin Ongaro, weka Jacob Luseno, sikiza chini.

Sasa huyo binamu.

Ni kweli Mukabi aliuawa 1963, mwaka ule ule wa uhuru, na hata miaka 35 hakuwa ameifikisha. Ni kweli rekodi zake si nyingi na nyingine zimebaki kwa santuri zilizopasuka, ukiziweka ni changarawe tupu. Lakini kupima urithi kwa idadi ya nyimbo ni hesabu ya duka. Pima kwa watu ambao bado wanaweza kuifanya hiyo kazi. Abana ba Nasery, Shem Tube na Justo Osala na Enos Okola, wavulana wa Bunyore, walianza miaka ya 60 na gita mbili na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mapete mapete ambayo msumari ukipita unalia vizuri, wakapiga miaka na miaka kwa harusi za huku, mpaka lebo ya GlobeStyle ya Uingereza ikawatoa na mwanzo wa miaka ya 90 wakaenda huko kupiga. Mkono ni ule ule. Mwanawe Mukabi, Johnstone Ouko Mukabi, anapiga nyimbo za babake na huwezi kusema anaigiza, mkono ameurithi. Na 2017 rekodi za mzee zenyewe zikakusanywa na lebo ya Olvido ya Marekani zikatoka kwa sahani inaitwa Furaha Wenye Gita, kwa hivyo kuna kijana sahii huko ng'ambo anajaribu kuweka gumba lake sawa na la mtu wa Kisa ilhali binamu yako anasema ni kelele za wazee.

Hapo kwa urithi kuna jambo lingine ambalo lingefaa kubishaniwa huko matanga kuliko nani alimuiga nani. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliokufa, na rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tangu irekodiwe. Piga hesabu. Nyimbo za Mukabi zilitoka kwa ulinzi mwisho wa 2013. Maana yake leo mtu yeyote, hata wewe, anaweza kurekodi Sengula akauza na hadaiwi na familia hata shilingi. Wale waliokufa wakiwa vijana ndio huumia zaidi hapo, maanake saa ilianza kuhesabu mapema, kabla Kenya haijawa hata na bunge lake la jamhuri. Ukitaka kumheshimu basi sema jina lake ukiimba wimbo wake. Nimesikia mara nyingi sana kwa harusi huku MC akisema wimbo ni wa zamani, hauna mwenyewe. Uko na mwenyewe.

Kwa hivyo ukirudi kwa hao wazee waambie hivi: dereva ako sawa kuhusu cheche, amekosea kuhusu moto. Mzee wa benga amempa Mukabi watoto wa wenyewe. Binamu mwambie akuje Kisumu nimwekee besi peke yake nione kama mguu wake utatulia.

Sasa gita ya baba. Jifunze, kwa nini usijifunze, ni gita tu na vidole viwili, hauhitaji kununua hata ampu. Ila usianze vile vijana huanza, wanatafuta klipu YouTube wanakodolea mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa omutibo si mgumu, shika C, F na G, hizo tatu zitakubeba nyimbo nyingi sana. Kazi iko kulia. Kaa na gumba peke yake kwa wiki kadhaa, bila melodi, mpaka liweze kwenda huku unaongea na mteja kuhusu kabureta na halipotei. Kidole cha shahada usikiruhusu mpaka hapo, kikiingia mapema kitaliburuta gumba na utaishia kupiga kitu kingine kizuri lakini si omutibo. Usitumie pleki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Kama wimbo uko juu ya sauti yako ama chini, na hauna kapo, kile kibanio cha shingo ya gita, chukua penseli uifunge na mpira wa tairi ya baiskeli hapo kwa shingo ya gita, wazee walifanya hivyo na inashika vizuri tu, wewe fundi mpira utapata wapi sijui.

Kabla ya yote toa hizo nyuzi za zamani, kama gita imekaa tangu mzee aende zitakuwa zimeshika kutu na zitakukata. Weka za chuma nyepesi, si za nailoni, nailoni haitoi ule mlio mkali wa gita kavu. Halafu angalia shingo kama imepinda, weka rula ndefu juu ya freti, vile vyuma vya shingoni, uchungulie mwangaza chini yake. Ikiwa imepinda kidogo inapigika. Ikiwa imepinda sana nyuzi zitakuwa juu mno na utachukia gita bure, hiyo mpelekee fundi wa mbao anayejua gita kwanza, usiilazimishe.